Mikono Yote ya Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Bosi ameondoka leo. Goti! Amelichua kwa kila dawa mpaka karakana nzima ikawa inanuka kama chumba cha wachezaji mpira, na bado lilikuwa likilia kila akipanda ngazi. Sasa daktari amesema basi, mama, tulifungue tuone lina nini. Atapumzika kwa dada yake, mwezi mzima.

Kabla ya kuingia garini alitukusanya katikati ya vyerehani. Wote tulijua kinachofuata: anamtaja wa kushika nafasi yake. Mheshimiwa, mkataji wetu, alikuja amevaa tai. Tai! Mtu anashinda ameinamia meza na mkasi mkubwa mkononi, halafu anajining'inizia kitambaa shingoni. Alikuwa ameshakohoa kile kikohozi cha kusafisha njia ya hotuba. Bosi akanyanyua fimbo yake. Ikampita Mheshimiwa. Ikampita Mama Pacha. Ikampita Redio, ambaye kwa muujiza alikuwa amefunga mdomo. Mimi fundi wa mashine hata haikunitazama. Ikaenda kusimama kwenye kona ya pasi.

"Huyu. Mpaka nirudi."

Kimya! Dada yetu wa pasi! Jina hilo tulimpa wenyewe, na hakulipinga, maana angelipinga ingebidi aongee. Kazi yake ni kukagua kila nguo iliyoshonwa, kisha kuipiga pasi. Ikiwa na kasoro anairudisha kwa mshonaji na neno moja: fumua. Ikiwa safi hasemi kitu. Ndiyo sifa kubwa kuliko zote hapa kwetu, Kimya kutokusema kitu.

Basi leo kapewa karakana. Hakucheka wala hakununa. Kwanza aliisimamisha pasi isiunguze suruali ya mteja. Halafu akasema, "Sawa, mama."

Bosi akaongeza, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba akirudi akikuta kazi imesimama wima, Kimya atabaki kwenye kiti hicho moja kwa moja, maana yeye mwenyewe amechoka. Akikuta imelala, anamleta mpwa wake.

Mpwa tunamjua. Huvaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mara ya mwisho alipita akivigonga vyerehani vyangu kwa funguo za gari, akasema hivi vyuma viuzwe, vije vya kisasa vyenye kompyuta tumboni. Vyerehani vikiuzwa, fundi wake naye anahesabiwa humo humo kwenye vyuma. Kwa hiyo nimeamua kumuunga mkono Kimya. Kwa moyo mweupe kabisa, bila faida yoyote binafsi.

Mheshimiwa alivua tai kabla ya chai.

Jumanne, 5 Machi

Mheshimiwa kasusa. Lakini kususa kwake kuna heshima: kazi zote anafanya, ila anaguna. Anakata mfuko, anaguna. Anakata ukosi, anaguna zaidi.

Saa ya kula kaniita pembeni. Kaniambia yeye alihudhuria semina ya uongozi, na cheti anacho, na begi la semina analo. Walifundishwa kwamba kiongozi ni lazima aonekane. Sauti itoke tumboni. Watu wakuone unakuja kabla hujafika!

"Sasa huyu, Fundi, hata akishafika haonekani. Kanyamaza kama begi."

Nikamwambia begi lake la semina nalo limenyamaza, na mbona linamsaidia vizuri tu. Hakucheka. Watu waliosoma semina hawacheki ovyo.

Nyumbani mke wangu aliuliza kwa nini sikuchaguliwa mimi. Nikamfafanulia kwamba nafasi yangu ni ya kiufundi, ni nyeti, haiwezi kuachwa wazi.

"Aa," akasema.

Siipendi hiyo "aa" yake. Imekamilika mno.

Alhamisi, 7 Machi

Vita ya dirisha imelipuka upya.

Ni vita ya zamani. Mama Pacha hukaa chini ya dirisha na analitaka wazi, la sivyo anasema anachemka kama birika. Redio hukaa nyuma yake na analitaka limefungwa, la sivyo anasema vumbi linamwingia kifuani na hataweza kuongea. (Hapo sote huwa tunamuunga mkono Mama Pacha.) Bosi alikuwa akiimaliza kwa amri. Leo wazi, kesho fungeni, na atakayefungua mdomo atashona mlangoni. Hakukuwa na amani, kulikuwa na woga. Nilidhani ni kitu kimoja, kumbe sivyo.

Leo asubuhi Redio kafunga, Mama Pacha kafungua, Redio kafunga. Maneno yakaanza. Mama Pacha kasema wengine vifua vyao vingepumzika kama midomo yao ingepumzika. Redio kajibu wengine joto lao ni la roho, dirisha halitibu. Tukageuka wote kumwangalia Kimya. Mheshimiwa aliweka mkasi chini kabisa na kukunja mikono, kama mtu aliyelipa kiingilio.

Kimya katoka kwenye pasi. Akamwambia Mama Pacha, "Dada, nipishe kidogo." Akakaa kwenye kiti chake na kushona. Anashona kweli, wala si maigizo! Muda ukapita, jasho likamtoka. Akainuka, akamwambia Redio, "Nipishe na wewe." Akalifungua dirisha, akakaa pale, akashona. Upepo ukachukua uzi, ukachukua vumbi la vitambaa vya sakafuni na kumwagia usoni. Akapiga chafya. Hakuna aliyecheka. Mimi kidogo.

Halafu akaniita. "Fundi, hizi meza zimefungwa sakafuni?"

Hazijafungwa. Hakuna aliyewahi kuuliza! Tukaisogeza meza ya Redio ikaenda ubavuni mwa ukuta, upepo ukawa unapita mbele yake. Vumbi la sakafuni likafagiliwa. Dirisha likabaki wazi. Basi, kwisha.

Nilichokiona ni kwamba hakuuliza nani mwenye haki. Alikwenda kukaa kwenye kiti cha kila mmoja akaungua na kupiga chafya yeye mwenyewe. Mtu akishaona umeketi penye shida yake, nusu ya hasira inamtoka hata kabla hujasogeza meza.

Hasara moja tu. Mama Pacha na Redio wamekosa cha kugombania, na mchana kutwa walikuwa wapweke. Jioni nikawasikia wanamsengenya Kimya pamoja, kwamba ananyamaza mno. Walikuwa na furaha sana.

Jumapili, 10 Machi

Nimejaribu njia ya Kimya hapa nyumbani. Mke wangu alikuwa analalamika kuhusu jiko, nami nikaenda kukaa kwenye kigoda chake ili nielewe.

"Umekaa?" akauliza.

"Nimekaa, mke wangu. Nataka nione unavyoona."

"Vizuri. Vitunguu hivyo hapo, mafuta yale pale. Mimi naenda kumwona jirani."

Nimepika. Tumekula. Njia ya Kimya ina hatari zake na nitamtahadharisha.

Jumatatu, 11 Machi

Kazi kubwa! Hoteli mpya inafunguliwa Jumamosi na wanataka makoti ya wahudumu wao wote. Meneja wao mwenyewe kaleta kitambaa, satini ya rangi ya zambarau, upande mmoja unang'aa kama maji, upande mwingine umefifia. Makoti yawe yamefika Ijumaa jioni. Kila mtu kavimba. Kazi kama hii ikienda vizuri, Bosi akirudi hana cha kuuliza, na mpwa abaki na funguo zake.

Kimya kamwendea Mheshimiwa mezani kwake. Nilikuwa chini ya mashine ya jirani, naona viatu tu, lakini nikasikia. Kamwambia satini inateleza na hapa hakuna mkono unaoiweza zaidi ya wa kwako. Yasemekana ni maneno mengi zaidi aliyosema mwaka huu. Viatu vya Mheshimiwa vikasimama kwa vidole.

Mchana kutwa kakata kwa mbwembwe. Vipande vya mbele na vya mgongo kavikata kama siku zote, kitambaa kimekunjwa uso kwa uso, ukikata mara moja unapata cha kushoto na cha kulia pamoja. Wakati wa mikono ya makoti Redio kamchokoza, kamwuliza hiyo semina yenu ilisema nini kuhusu watu wanaoguna. Basi akaanza kuhutubia. Kiongozi hivi, kiongozi vile, huku akitandaza satini tabaka juu ya tabaka, aikate mikono yote kwa mpigo mmoja ili tuone kasi. Hotuba ilikuwa nzuri. Hata mimi nilitoka uvunguni kusikiliza.

Jumanne, 12 Machi

Yarabi!

Mikono yote ni ya kushoto.

Yote! Mama Pacha ndiye aliyegundua. Kaunga wa kushoto, ukakaa vizuri. Kachukua mwingine aunge kulia, kiwiko kikatazama mbele, kama mkono wa mtu aliyeanguka mtini. Akadhani kashika vibaya. Kachukua mwingine. Akavuta rundo zima. Halafu akasema polepole, "Jamani, njooni mnitazamie hapa, labda ni macho yangu."

Si macho yake. Mheshimiwa, katikati ya hotuba, alitandaza matabaka yote upande unaong'aa juu. Hakuna lililomtazama mwenzake. Kwa hiyo mkasi ukashuka na kutoa kushoto, kushoto, kushoto, mpaka mwisho. Mtu wa nje atasema si mgeuze tu mkono, wa kushoto uwe wa kulia. Unageuka, ndiyo, lakini ule upande uliofifia ndio unakuja nje. Mhudumu anabaki mkono mmoja uko harusini, mwingine msibani.

Kitambaa kimekwisha. Kimya kamtuma Redio dukani mbio, karudi na kipande cha mfano. Zambarau, naam. Ila ukiziweka pamoja zinaonekana binamu, si ndugu.

Sasa, hapa kwetu kuna msumari. Uko kando ya mlango wa kuingilia. Ni utaratibu wa Bosi: anayeharibu kazi, kilichoharibika kinatundikwa pale mpaka jioni, na kila mteja akiingia Bosi anamtajia aliyekitengeneza. Mama Pacha ameshatundikiwa mfuko. Redio ameshatundikiwa suruali nzima. Mheshimiwa hajawahi hata mara moja, na wakati wa wengine ndiye aliyekuwa akicheka mpaka anajipiga mapaja.

Kila mtu kautazama msumari. Mheshimiwa kawa mdogo, sijui namna ya kuandika, hata shati lilimpwaya. Akachukua mkono mmoja wa koti kutoka kwenye rundo na kuanza kutembea kuelekea mlangoni mwenyewe. Redio alikuwa ameng'ata midomo ili kicheko kisitoke kabla ya wakati wake.

Kimya akawahi kufika mlangoni. Alikuwa na mkoba wake begani, ule wa kila siku. Akauvua na kuutundika kwenye msumari. Akauweka sawa usianguke. Akasema:

"Hapa patakuwa pa mkoba wangu. Leteni viti."

Basi! Msumari umekwisha kazi yake. Tumeukodolea macho kwa miaka na ulikuwa unasubiri mkoba tu.

Mheshimiwa alisimama katikati ya njia na mkono wa koti kifuani, hajui aupeleke wapi. Mwishowe akaja kukaa nao.

Jumanne, jioni hiyo hiyo

Sijamaliza. Mke wangu kaita chakula katikati ya habari.

Tulikaa duara. Kimya kauliza, "Nani ana wazo?" Bosi hajawahi kutuuliza wazo. Mawazo tulikuwa nayo, ila tulizoea kuyatumia nyumbani.

Redio kasema tuseme wezi waliingia. Kimya kasema hapana. Redio kasema basi panya. Hapana. Mimi nikasema tuombe muda. Kimya kasema hoteli inafunguliwa Jumamosi, wageni hawaombwi muda. Kanijibu vizuri tu, sikuumia.

Mama Pacha hakuwa anatoa wazo, alikuwa analalamika kama kawaida yake ya joto. Kasema hata hayo makoti yenyewe ni adhabu, baba wa watoto wake amewahi kubeba sahani kwenye hoteli, satini mwilini na moto wa jikoni usoni, akirudi nyumbani anasema angepewa mkasi angeitoa mikono akaitupa nje.

"Rudia hapo," Kimya akasema.

"Wapi? Pa baba watoto?"

"Pa kutoa mikono."

Halafu wote tukaanza kuongea kwa pamoja. Vizibao! Koti bila mikono ni kizibao! Migongo ipo, vipande vya mbele vipo, ni kuzungushia tu makwapa, kupunguza urefu na kutia vifungo vizuri. Na ile mikono yote ya kushoto? Inatoa vitambaa vya mifukoni, vile vya kukunja pembe tatu, na tepe za kumalizia makwapa. Redio kasema yeye alikuwa analifikiria hilo hilo. Tumemwachia.

Lakini hoteli iliagiza makoti. Kesho Kimya anakwenda kuwaambia. Katazama duara lote, akasema anakwenda na Mheshimiwa.

Mheshimiwa katoa macho. Mimi nilidhani anampeleka akamkabidhi.

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda nao. Nilibeba pini na futi ya kupimia, na masikio yangu.

Mama Pacha alikuwa ameshona kizibao cha mfano tangu alfajiri, nacho kimemkaa Mheshimiwa kama amezaliwa nacho. Kile kifua! Miaka yote tulikiona kinatuzidi, kumbe kilikuwa kinasubiri satini.

Hotelini bado kunanuka rangi. Mafundi wanafunga taa, mapazia yako sakafuni. Meneja ni mwanamke mwenye funguo nyingi kiunoni, ukimsikia anavyotembea unajua una muda gani wa kujiandaa. Nilijua Kimya ataanza na salamu ndefu, habari za kazi, kidogo kidogo. Hapana. Kasalimia, kisha kasema:

"Mama, tumekosea. Mikono ya makoti tumeikata vibaya na kitambaa hakitoshi tena. Makoti hayatakuwepo Ijumaa. Tunachoweza kuleta Ijumaa ni hiki."

Na akasogea pembeni.

Mheshimiwa kabaki peke yake katikati ya ukumbi. Kulikuwa na sinia la mafundi mezani, na vikombe vyao vya chai juu yake. Sijui nini kilimwingia, akalichukua, akalipandisha kwenye vidole, mgongo ukanyooka, akazunguka meza moja nzima bila tone kumwagika, na sauti, jamani, ikatoka tumboni:

"Karibuni sana! Meza yenu iko tayari!"

Wapishi walichungulia kutoka jikoni. Fundi wa taa alishuka ngazi akakaa mezani, akauliza kuna nini leo. Meneja kacheka mpaka funguo zikalia. Akamzungusha Mheshimiwa, akavuta kizibao mabegani, akasema hata joto litakuwa nafuu kwa vijana wake. Amekubali!

Lakini mara kicheko kikakatika. "Ni nani hasa aliyekata vibaya?"

Mheshimiwa kashusha sinia.

"Karakana," Kimya akasema.

"Karakana haina mkasi, dada. Mtu ndiye mwenye mkasi."

"Na mtu ni wa karakana. Mimi ndiye ninayeiangalia kwa sasa. Nilipaswa kuikagua mikono kabla haijatoka mezani, sikuikagua."

Meneja kazishika funguo zake za kiunoni. Kasema vizibao alete, ila yeye mkataba aliufanya na Bosi kwa simu na atampigia Bosi leo leo ajue. Haki yake.

Njiani hakuna aliyeongea. Kimya kwa sababu ndiye Kimya. Mimi nikiwaza miwani ya jua. Mheshimiwa alitembea nyuma yetu na kizibao chake, watu wanamgeukia. Tulipokaribia karakana akasema, kama anajisemea, kwamba kule semina hilo la leo hawakuwafundisha.

Jambo ambalo naliwaza mpaka sasa ni hili. Kimya angeweza kumwacha kazini ajifiche. Angeweza kumtaja, na ingekuwa kweli tupu. Badala yake kile alicho nacho yule mtu kingi kuliko sote, yaani kujionyesha, kakitafutia mahali pa kufaa. Mimi kwa miaka nilikuwa nakiona ni kasoro tu. Na mimi najiita mtu wa kuona!

Alhamisi, 14 Machi

Kazi, kazi, kazi. Vyerehani vimenguruma kutwa. Kimoja kilikata mkanda, nikakiponya kabla Mama Pacha hajamaliza kukitukana.

Wakati wa chai Mheshimiwa kasimama. Tukajua hotuba. Kasema tu, "Ile mikono nilikata mimi."

Redio: "Tunajua, Mheshimiwa. Ulikuwa unatufundisha uongozi."

Kicheko! Nikamtazama kwa wasiwasi. Naye kacheka! Nimeona meno yake ya nyuma kwa mara ya kwanza, yapo yote. Baadaye nikamkuta anamwonyesha Redio jinsi ya kutandaza satini uso kwa uso, polepole, na bila neno hata moja la semina.

Karibu na kufunga, simu. Kimya kaipokea. "Ndiyo, mama. Ndiyo. Ni kweli. Sawa, mama." Kaiweka chini, karudi kwenye pasi. Tukasubiri. Yeye anapiga pasi tu!

"Dada yangu," Redio kasema, "utatuua. Kasema nini?"

"Anakuja kesho."

"Na goti?"

"Na goti. Mpwa wake anamleta."

Mke wangu kaniona sili vizuri. Nikamweleza yote. Kafikiri, kasema hata wakimwondoa kesho, huyo dada ameshawaharibu, hamtaweza tena kukaa na msumari. Nikasema "aa". Ona, naanza kuijua inavyotumika.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika nikiwa kazini, chumba changu cha vipuri, mlango nimeuacha wazi kidogo. Sijawahi kuandika hapa. Lakini haya siwezi kuyangoja mpaka jioni.

Bosi kafika kabla ya mchana. Bandeji imemjaza goti, fimbo zimekuwa mbili, na mpwa nyuma na miwani yake. Kasimama mlangoni. Na hakuna aliyeinuka! Naapa si dharau. Zamani tungeruka kama mipira, tupange mstari, tufute meza zilizo safi. Leo mikono ilikuwa imejaa. Vizibao vinaondoka jioni, vimebaki matundu ya vifungo na vifungo vyenyewe tu. Mama Pacha kasema "Pole na safari, mama, karibu" bila kutoa mguu kwenye cherehani. Kimya ndiye aliyemletea kiti.

Bosi katazama meza zilivyosogezwa. Katazama msumari na mkoba. Hakusema kitu, na Bosi asiposema kitu si kama Kimya asiposema kitu.

Mheshimiwa kaja mbele yake, hana tai. "Mama, mikono nilikata mimi. Huyu dada kanifunika mbele za watu. Kama kuna wa kuondoka, basi mimi."

Mpwa kasema anti, unaona, nilikuambia, hawa watu bila mtu mkali— Bosi kanyanyua fimbo moja kidogo tu, mpwa akanyamaza.

"Kumebaki nini?" Bosi kamwuliza Kimya.

"Vifungo, mama. Mikono yetu haitoshi."

Bosi kavuta kizibao kimoja kwenye rundo. Kasema yeye alianza maisha kwa vifungo, kabla hata sisi hatujaota meno. Akachukua sindano. Redio naye hana aibu hata kidogo, kamgeukia mpwa, "Kaka, huna kazi? Tutungie hizi sindano basi." Mpwa katazama kushoto, katazama kulia. Kaketi. Akashindwa kuona tundu la sindano. Kavua miwani! Ana macho mazuri tu, sijui alikuwa anayaficha nini.

Kwa muda kila kitu kilikuwa shwari hivyo. Nilikuwa natia mafuta na nusu naimba.

Halafu Bosi kamaliza kizibao chake na kumpa Kimya akipige pasi. Kimya kakikagua kama anavyokagua vyote. Kashika kifungo cha juu, kakivuta kwa kidole. Cha pili. Cha tatu kakivuta tena. Kakigeuza kutazama uzi nyuma. Kisha kamrudishia, kwa adabu, kwa mikono miwili:

"Hiki cha tatu kimelegea, mama. Fumua."

Vyerehani vyote vimesimama. Mimi navijua vyerehani hivi, huwa havisimami pamoja isipokuwa umeme ukikatika. Umeme upo.

"Umesemaje?" Bosi.

"Fumua, mama. Kitadondoka kwenye sahani ya mtu."

Sauti ile ile anayotumia kwa Redio. Haikupanda wala haikushuka. Mpwa kashika sindano hewani. Mama Pacha kafumba macho. Mimi nimeingia humu, nimechukua kalamu.

Naona kiti cha Bosi kwa upande. Kaweka fimbo zote mbili chini. Kasogeza kile kizibao karibu na uso wake, anakivuta kifungo kwa kidole, kama alivyofanya Kimya. Sasa anamtazama Kimya. Siuoni uso wake, Mheshimiwa kasimama pale na ule mgongo. Sogea, mwanamume wewe, sogea!

Kuna mtu anaulizia mkasi mdogo. Ni sauti ya Bosi. Redio anaupeleka, anatembea kwa vidole. Mkasi umepokelewa, na Bosi anamwambia Kimya lete kiti chako, kaa hapa karibu yangu, nami nikifumua uniangalie, maana karakana sasa ni yako moja kwa moja.